Shuka la Mlangoni

Mama Pasi hakulichagua jina lake. Kazi yake ni kupiga pasi katika chumba cha kufulia cha hospitali, mashuka ya wodi zote, na mikono yake imezoea moto kiasi kwamba jikoni anashika sufuria wakati wengine bado wanatafuta kitambaa. Ni mwanamke mfupi, si wa maneno mengi. Ukikaa naye utamkuta anakunja kitu: leso, gazeti, pembe ya kitambaa cha meza. Ukimwambia aache anacheka, na kabla hujageuka amekamata kingine.

Mume wake ni kinyozi, na kanisani wanamwita Muujiza. Huyu jina lake analipenda sana.

Muujiza alikuwa mlevi. Simsengenyi, maana mwenyewe amelitangaza kwenye kila kipaza sauti alichokaribishwa. Ushuhuda wake watu wanaujua kama wanavyojua wimbo. Anaanza na glasi ya kwanza, anapita kwa mashine ya kunyolea aliyoiuza akiwa na mteja kitini, kichwa nusu, halafu anafika kwenye mlango. Siku hiyo kiu ilimkaba, ndani hakukuwa na kitu cha kuuza, basi akaung'oa mlango wa nyumba yake mwenyewe na kwenda kuunywa. Akifika hapo Muujiza huinama, hujitwisha mlango usioonekana, hupepesuka madhabahuni akigonga nguzo, na kujipigia hodi: "Hodi wenyewe! Nifungulieni! Ah, kumbe mlango ninao mimi!" Kanisa linacheka mpaka wazee wa kanisa wanavua miwani.

Kisha anashusha sauti. "Ndugu zangu, mke wangu, mcha Mungu huyu mnayemwona pale, aliiba shuka hospitalini akaziba pengo la mlango. Pombe yangu ilimfanya mke wangu mwizi!" Hapo kicheko kinageuka kilio. Haleluya zinamiminika, mchungaji anainuka kumkumbatia, na watu wote wanageuza shingo kumtazama mwizi.

Tena ni kweli, ndiyo inayouma. Watoto walikuwa wadogo, njia ya watu inapita mbele ya nyumba, na nyumba haina mlango. Mama Pasi alijizungushia lile shuka kiunoni ndani ya gauni, akatoka nalo. Vijana wa kanisa walipokuja kuweka mlango mpya, alilifua, akalipiga pasi, akalirudisha kwenye rafu yake. Aliyejua ni Mungu, yeye na mumewe. Siri ya mtungi aijuaye kata, na balaa ni kwamba kata yake iliokoka ikapewa kipaza sauti.

Pasaka iliyopita, siku Muujiza alipoongeza shuka kwenye ushuhuda kwa mara ya kwanza, mlinzi wa geti la hospitali alikuwa amekaa safu za nyuma. Alicheka sana, akalia sana. Kesho yake jioni akamwambia Mama Pasi, "Mama, samahani, naomba niuone huo mkoba." Mama Pasi akaona ni utani. Haukuwa utani. Tangu siku hiyo wenzake wanapita getini wakiaga, naye anasimama pembeni, mkoba wazi, mikono mbali na mwili. "Kazi ni kazi, mama," mlinzi humwambia, na si mtu mbaya.

Mumewe hakuambiwa. Mlevi aliyeacha, mkewe humwendea taratibu kama mtu anayepita kwenye sakafu iliyopigwa deki sasa hivi. Kama kusimulia mlango ndiko kunakomweka mbali na glasi, Mama Pasi alisema moyoni, basi na asimulie. Aibu ameshaizoea. Hivyo ndivyo alivyojidanganya, maana hakuna anayeizoea.

Basi kanisa likaandaa safari ya misheni kwenye nchi jirani, na Mama Pasi akaingizwa kwenye msafara kwa ajili ya majoho ya kwaya. Mchungaji alihubiri, kwaya iliimba, Muujiza aliwanyoa watu bure chini ya turubai. Siku ya mwisho ikawa ya mapumziko: asubuhi kutembezwa kuona mandhari, mchana kula pamoja na wenyeji na kufanya ushirika, kesho yake safari ya kurudi. Kwa siku zote hizo Mama Pasi alikuwa ametembea kichwa juu. Huku hakuna aliyemjua. Wenyeji wana lugha yao, na macho yao yalipomwangukia hayakushuka mpaka kwenye mkoba.

Asubuhi ya siku hiyo alimkuta mumewe mbele ya kioo cha nyumba ya wageni, anarekebisha tai.

"Leo utasimama?"

"Mchungaji kanidokeza. Ushirika bila ushuhuda si ushirika."

"Baba, nakuomba kitu. Ukifika kwenye mlango, ishia hapo. Shuka liache."

Muujiza aligeuka akicheka, si kwa ubaya. "Mke wangu, shuka ndilo linalowabomoa watu! Mlango wanacheka tu, wokovu uko kwenye shuka."

"Huku hawanijui. Niache nirudi hivyo hivyo."

"Haya. Tutaona Roho atakavyoniongoza."

Mtu akikwambia hivyo, ujue ameshaamua, anatafuta wa kumsingizia. Lakini Mama Pasi alitaka kuamini, akalichukua lile "haya" akaliweka moyoni, mengine akayaacha.

Basi liliwapeleka kwenye maporomoko ya maji. Waumini walipiga picha mpaka simu zikaisha chaji. Muujiza alipanda jiwe, akanyoosha mikono kama Musa, akateleza, akaokolewa na mpiga kinanda. Mama Pasi alisimama pembeni akiangalia ule mvuke unaopanda.

"Unawaza nini, dada?" Alikuwa mkalimani wao, mwanamke mnene, mtaratibu, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Alisomea kazi upande wetu ujanani, na Kiswahili chake alikizungumza kama mtu anayebeba mayai.

"Utanicheka. Nawaza kazini. Pasi kubwa ikifunguliwa, mvuke ni huo huo."

"Pasi kubwa? Unafanya kazi gani?"

"Mashuka. Ya hospitali."

Mkalimani alivaa miwani amtazame vizuri. "Mimi ni mkuu wa chumba cha kufulia, hospitali ya kanisa, hapo juu tu! Wiki nzima naitwa mkalimani, hakuna aliyeniuliza naishi kwa kazi gani." Akamshika mkono. "Maji haya yapo siku zote. Twende nikuonyeshe kitu cha maana."

Wakaondoka wawili kama wasichana wanaotoroka kipindi. Waliobaki hawakugundua, walikuwa wanamkausha Muujiza.

Kwa Mama Pasi, hiyo ndiyo ilikuwa mandhari. Mashine za kufulia zimepangwa ukutani, kubwa, mlango wa duara, zinazunguka kwa pamoja. Wasichana wa zamu walikuwa wakikunja, na mkalimani akawaambia maneno kwa lugha yao, wakampisha mezani. Mama Pasi akavua saa ya mkononi, akashika shuka. Alilipiga hewani mara moja, likanyooka. Pembe kwa pembe, kiganja kikapita juu, akageuza, akageuza tena, likatulia mezani mraba, ukingo wake mmoja tu ukionekana kwa mbele. Wasichana wakapiga makofi. Akakunja la pili, la tatu, uso umemkunjuka, akiwaonyesha kwa mikono yale ambayo mdomo haukuweza. Mkalimani akasema, "Ningekuwa na uwezo nisingekurudisha."

Hakuna mtu aliyemwambia neno kama hilo kazini, si kabla ya Pasaka wala baada.

Kisha mkalimani akatoa ufunguo mfukoni. "Stoo ya mashuka iko mwisho wa korido. Niletee ya kitanda cha mtoto, yako kulia. Mimi nimeitwa wodini kidogo."

"Niende peke yangu?"

"Kwani umeanza kuogopa giza? Taa iko kushoto."

Mama Pasi alifungua, akawasha taa. Mashuka yalikuwa yamepangwa mpaka darini, meupe, yananukia sabuni na jua. Hakuna mtu. Hakuna aliyesimama nyuma yake, hakuna aliyekohoa mlangoni. Alibaki katikati ya kile chumba, ufunguo mkononi. Alichukua aliyotumwa, akafunga, akajaribu kitasa kuhakikisha. Alipofika mezani aliweka mashuka, akaweka ufunguo juu yake, halafu akafungua mkoba wake na kusimama akiwa ameupanua.

Mkalimani, aliyekuwa amesharudi, akachungulia ndani ya mkoba. "Umepoteza kitu?"

"Hapana." Akaufunga upesi, uso umemuwaka. "Mazoea tu."

Mkalimani akauchukua ufunguo, akaurudisha mfukoni.

Ushirika ulifanyika ukumbini nyuma ya kanisa, meza zimepangwa kuzunguka ili watu watazamane. Walikula, wakaimba nyimbo ambazo sauti zake ni moja ingawa maneno ni tofauti, kila upande ukijitahidi kuuzidi mwingine kwa furaha. Mama Pasi alikaa na wasichana wa kufulia, walioomba wakae naye. Mmoja alikuwa amemkunjia kitambaa cha meza vile alivyofundishwa asubuhi, na anasubiri asifiwe. Kwa muda mfupi Mama Pasi alisahau kuogopa.

Mchungaji akainuka. "Wapendwa, tunaye ndugu hapa. Huyu si mtu, huyu ni muujiza unaotembea!"

Muujiza akaenda mbele, mkalimani akasimama pembeni yake, kipaza sauti kimoja katikati yao. Alianza na glasi ya kwanza. Sentensi moja yake, sentensi moja ya mkalimani. Ikafika mashine ya kunyolea, wageni wakacheka. Mkalimani akatafsiri, wenyeji wakacheka. Muujiza akagundua jambo tamu ambalo hajawahi kulipata nyumbani: huku kila kichekesho kinalipa mara mbili. Akapamba moto. Alipojitwisha mlango na kupiga hodi, ukumbi ulipasuka, ukapasuka tena. Wasichana walijishika mbavu. Mmoja alimgusa Mama Pasi bega kama kumuuliza, huyu ndiye wako? Mama Pasi akatikisa kichwa kukubali, akitabasamu, macho yamemkazia mumewe.

Muujiza alimwona. Hilo lazima lisemwe, maana baadaye alitaka kujifanya hakumwona. Alimtazama, akakumbuka asubuhi, akanyamaza kidogo. Na ule ukimya, kwa mzungumzaji aliyekolea, ni mtamu kuliko makofi. Ukumbi mzima ulikuwa umemwinamia. Akashusha sauti.

"Ndugu zangu, mke wangu, mcha Mungu yule mnayemwona pale, aliiba shuka hospitalini akaziba pengo la mlango. Pombe yangu ilimfanya mke wangu mwizi!"

"Haleluya," wageni wakaguna, kwa mazoea.

Muujiza akafumba macho kusubiri wimbi la pili. Halikuja. Akafumbua jicho moja.

"Dada, hukunisikia? Nimesema, mke wangu aliiba..."

"Nimekusikia."

"Basi watafsirie."

Mkalimani alivua miwani, ikaning'inia kifuani. "Siwezi, ndugu. Mwenyewe yupo hapa."

Alisema kwa upole, na kwa sauti ya chini, lakini kipaza sauti kilikuwa kati yao. Neno likazunguka ukumbi. Wenyeji walitazamana wakiulizana kuna nini. Wageni walielewa, na hao ndio walioinamisha vichwa. Walikuwa wamelisikia shuka lile mara nyingi, wamelilia, wameliombea, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuwaza kwamba mwenyewe yupo.

Mama Pasi aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni. Alimwonea haya kila mtu: wasichana waliokuwa bado wanamtabasamia bila kujua, mkalimani aliyejua, na hata mumewe, aliyebaki pale mbele mgongo umeinama kidogo, kama mtu ambaye mlango bado uko mgongoni. Aliuchukua ule mraba wa kitambaa mbele yake akaufumua, akaukunja, akaufumua.

"Bwana asifiwe," Muujiza akasema. Hakuna aliyeitika. Mpiga kinanda, Mungu ambariki, akaanza wimbo wowote.

Baada ya wimbo ikaja zamu ya zawadi. Kila mwenyeji alikuwa na mgeni wake. Vikapu vilitolewa, vikombe, vitenge, watu wakakumbatiana kwa kelele kubwa ili kuifukia ile aibu iliyopita. Mkalimani peke yake alibaki ukutani, amekumbatia furushi la karatasi. Mama Pasi akamfuata.

"Ni kweli alivyosema," akamwambia.

"Sikukuuliza."

"Nilirudisha."

"Dada, sikukuuliza." Mkalimani alikuwa anatazama chini. "Hii nilikufungia mchana, uliporudi kubadilisha nguo. Sasa naona aibu kukupa. Utadhani nakusimanga."

"Kuna nini ndani?"

"Shuka."

Mama Pasi alitaka kulia, kikatoka kicheko, kikubwa, cha ghafla, mpaka watu wakageuka. Halafu machozi nayo yakaja, hayakutaka kupitwa. "Nipe," akasema. "Nipe bwana. Hili angalau ni langu."

Kesho yake, njia nzima, Muujiza alikaa dirishani akitunga utetezi. Mkalimani hana adabu. Ushuhuda ni wa Mungu, si wa mtu. Na yeye kamsifu mkewe, kamwita mcha Mungu, hilo mbona hawalisemi? Kila alipopata sentensi nzuri aligeuka kuitoa, akakuta mkewe amelala au amejifanya amelala, furushi mapajani.

Mpakani waliambiwa washuke na mizigo ikaguliwe. Waumini walilalamika: sisi watumishi, jamani, tunakaguliwa nini? Mama Pasi hakulalamika. Alifika mezani, na kabla afisa hajafungua mdomo alishaufungua mkoba, akapanga vitu vyake kimoja kimoja, akaupindua, akaukung'uta, akageuza mifuko ya koti nje. Akalifungua furushi, akalishika shuka kwa pembe mbili, akalikunjua lote, akalitikisa. Kisha akasimama pembeni, mikono mbali na mwili, anatazama ukuta.

"Mama, mbona yote?" afisa akasema. "Mimi nilitaka kuangalia juu juu tu."

Muujiza alikuwa nyuma yake kwenye foleni. "Nani kakufundisha hivi?"

"Kazini."

"Kazini wanakupekua?"

"Getini. Kila jioni."

"Wote?"

"Mimi."

"Tangu lini?"

Mama Pasi alikuwa ameanza kukunja shuka. Hakuinua macho. "Tangu Pasaka."

Muujiza alifungua mdomo aulize Pasaka kulikuwa na nini. Akaufunga. Utetezi wote aliokuwa ameutunga kutoka asubuhi ukamtoka kichwani, na afisa ilibidi amwite mara mbili asogee.

Jumatatu alifunga saluni mapema, mteja akiwa mlangoni. Alivaa ile tai ya ushirika. Hakumwambia mtu anakokwenda, lakini njiani alikuwa akijisemea, na safari hii maneno aliyapanga mafupi: mke wangu si mwizi, mwizi ni mimi, mwache apite. Aliingia kwa mlango wa wagonjwa, akamkuta Mama Pasi ndiyo anatoka chumba cha kufulia, wakaongozana kuelekea getini, wauguzi wakiwapita na kuaga.

Mlinzi alimwona kwa mbali, akafungua mikono yote miwili.

"Muujiza! Mtumishi! Karibu, karibu sana! Jamani, huyu ndiye yule wa mlango niliyekuwa nawaambia!" Walinzi wawili wa zamu ya kuingia wakasogea, wameshaanza kucheka. "Hebu wape kidogo, mtumishi. Ile ya hodi. Hawa hawaamini!"

Huku anasema hivyo, bila kutazama, alinyoosha mkono, na Mama Pasi akampa mkoba. Akaupekua akiwa bado anacheka, akaisukuma leso pembeni, akagusa chini, akaurudisha. "Pita, mama. Usiku mwema."

Mama Pasi akapita. Hakugeuka. Muujiza alibaki upande wa ndani, ile sentensi yake fupi imekwama, na walinzi watatu wamemzunguka, nyuso zimewang'aa, wanasubiri mlango.